Mama anakaa nyumba ya wazee Marekani, na hakuna anayemuuliza kitu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Lexington, Kentucky. Kwetu ni Fizi, Kivu Kusini, ila nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Huku tuliletwa kama wakimbizi pamoja na mama yangu, ambaye sasa ana miaka 78 na amekwisha kupata uraia. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Kuongea anaongea, lakini maneno mengine yanamkwama, anabaki anatikisa kichwa. Hospitali walisema anahitaji watu wawili wa kumwinua. Mimi na mume wangu tunafanya kazi ghalani, yeye usiku na mimi mchana, kwa hiyo akapelekwa nyumba ya wazee. Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo inayolipa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama kambini. Mtu wa watu. Sasa anakaa dirishani kutwa. Wenzake wakienda kucheza bingo naye anasukumwa mpaka mezani, namba zinaitwa kwa Kiingereza, anasinzia. Halafu nesi ananiambia kwa furaha kwamba mama anashiriki vizuri.

Chakula anakirudisha. Nilimpelekea ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, mhudumu akachukua lile bakuli akasema haruhusiwi, akamwaga kwenye pipa mama akiona. Mama alilia. Tangu siku hiyo namlisha kwa siri, nikifunga mlango.

Kinachoniumiza zaidi ni asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri wanamwamsha kumwogesha, na mara nyingine mhudumu ni mwanaume. Anapiga kelele, anarusha mkono wa kushoto, hasa wakati wa kumvua na kumvisha nguo. Juzi alimkwaruza mhudumu usoni. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa mama anakataa huduma na ana fujo, daktari anataka aanze dawa ya kumtuliza. Aliyetafsiri ni binti yangu wa miaka 12, maana Kiingereza changu cha mambo ya hospitali hakitoshi. Mtoto alitoka pale analia. Sikutia sahihi, nilisema nitafikiri.

Kanisani nako wazee wananiambia nimemtupa mama kwa wazungu. Kaka yangu aliye Australia anapiga simu kunigombeza. Na mimi naogopa nikilalamika watamfukuza, au watamtesa nikiwa sipo. Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa Fizi

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umfikishie mama pole yangu.

Nimeisoma barua yako nikairudia. Nimekuta humo maneno ya nesi, ya daktari, ya wazee wa kanisa, ya kaka yako, na yako mwenyewe. Ya mama sikuyakuta. Tunajua anapiga kelele, analia, anarudisha sahani. Lakini kwa jinsi ulivyoandika, hakuna aliyekaa naye akamuuliza kwa lugha anayoielewa: Mama, nini kinakuuma? Unataka siku yako iende vipi? Karibu yote nitakayokuambia yanaanzia hapo.

Nianze na asubuhi, kwa sababu kuna dawa inasubiri sahihi yako.

Upande uliolegea ni wa kulia, na kelele zinakuja wakimvua na kumvisha. Nimeuguza wazee wa kiharusi kwa miaka mingi katika nyumba za aina hiyo hiyo, na kitu cha kwanza ninachokishuku ni bega. Misuli iliyokuwa inalishikilia haishiki tena, mkono unaning'inia kwa uzito wake wote. Mtu akiuvuta ili aupitishe kwenye nguo, au akimwinua kwa kumshika kwapani, maumivu yake ni makali mno. Mgonjwa anayejua Kiingereza atasema bega linauma, atapewa dawa ya maumivu, na mhudumu ataenda polepole. Mama yako huenda anasema hayo hayo kwa Kiswahili au Kibembe kila alfajiri, na faili linaandikwa kwamba ana fujo.

Nenda ukae naye wakati ametulia. Weka kiganja kwenye bega, umuulize: ni hapa? Kisha umwombe nesi daktari alipime hilo bega kabla ya mazungumzo yoyote ya dawa ya kutuliza. Wahudumu nao wakumbushwe utaratibu waliofundishwa: wakati wa kuvisha, mkono mgonjwa unatangulia; wakati wa kuvua, mkono mgonjwa unakuwa wa mwisho. Hivyo nguo inapita bila kuuvuta. Wewe mpelekee blauzi pana za vifungo vya mbele, zile za kuvalia kichwani zirudishe nyumbani.

Huenda si bega. Huenda ni aibu ya kuvuliwa nguo na mwanaume, au baridi, au vyote. Mama atakuambia.

Kuhusu dawa yenyewe, ulifanya vema kutotia sahihi. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kurekebisha nyumba za wazee, baada ya miaka mingi ya wazee kufungwa kwenye viti na kupewa dawa za kuwalaza ili wasisumbue. Tangu hapo, nyumba yoyote inayopokea fedha za Medicare (bima ya serikali kwa wazee) au Medicaid imekatazwa kumpa mzee dawa ya kumtuliza kwa ajili ya kurahisisha kazi ya wahudumu au kumwadhibu. Dawa lazima iwe ya ugonjwa unaotajwa, na mama, au wewe unayemwakilisha, lazima aelezwe faida yake, hatari yake na njia nyingine zilizopo, kisha ana haki ya kukataa. Uliza ni dawa ya kundi gani. Zipo zile za kutibu magonjwa ya akili ambazo tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeziwekea onyo kali, kwa sababu zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Sisemi dawa hizi hazina kazi. Kuna wazee zimewafaa kweli. Ila hazitibu bega.

Sasa la mkalimani, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mjukuu wa miaka 12 asitafsiri tena. Mtoto hapaswi kubeba habari ya bibi yake kupewa dawa za kumtuliza, na nyumba haikupaswa kumtumia. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza anayepokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa asili yake, na lugha imo humo. Nyumba inatakiwa kutafuta mkalimani aliyefunzwa, kwa simu, kwa video au ana kwa ana, bila mama wala wewe kulipa senti. Sema wazi kwamba mnataka Kiswahili cha Kongo, kwa sababu mkalimani wa pwani anaweza kumpoteza mama njiani, na kama mama akichoka anahamia Kibembe, sema hilo pia. Jifunze sentensi moja ya Kiingereza ya kuomba mkalimani, na uwe unaisema kila mara kabla mazungumzo hayajaanza.

Mkalimani hawezi kuwepo kila mama anapotaka maji. Chukua karatasi ngumu, andika kwa herufi kubwa maneno kumi hivi ambayo mama anayasema kila siku: inauma, choo, maji, baridi, bado, nimechoka, taratibu. Chini ya kila neno weka Kiingereza chake, na kando yake mchoro ambao mama anaweza kuugusa kwa mkono wa kushoto siku neno linapomkwama. Bandika kando ya kitanda, upande ambao mhudumu anasimama. Kisha wafundishe wahudumu kutamka mawili tu kwanza, "taratibu" na "pole". Nimeona mzee aliyekuwa anapigana akilegeza mwili kwa kusikia "pole, mama" kutoka kwa mtu asiyejua neno jingine la Kiswahili. Na wale CNA, yaani wahudumu wasaidizi wa uuguzi, usiwaone maadui. Wengi wao ni wahamiaji kama wewe, wana wazee kumi au zaidi kwa zamu moja, na ile saa kumi na moja alfajiri mara nyingi ni kwa sababu zamu ya usiku imepewa orodha ya watu wa kuogesha kabla haijaondoka. Aliyepanga orodha ndiye wa kuzungumza naye.

Naye utampata kwenye mkutano wa mpango wa huduma. Huu ndio mlango ambao hujaugonga. Kila mzee anapoingia, nyumba ina siku 14 za kumfanyia tathmini kamili, kisha siku 7 za kuandika mpango: anaoga lini, analala lini, anakula nini, anafanya nini mchana, nani anamhudumia na kwa namna gani. Tathmini inarudiwa angalau kila miezi mitatu na mpango unaangaliwa upya, na familia inaweza kuomba mkutano wakati wowote hali ikibadilika. Kumkwaruza mhudumu ni mabadiliko ya kutosha. Andika barua fupi kwa ofisa ustawi wa jamii wa pale, uombe mkutano wiki hii, mkalimani awepo, na mama awepo.

Mama awepo kweli, mwanangu, kwenye kiti chake, mezani, akitazamwa yeye. Mara nyingi familia zetu zinakwenda kumsemea mzee, na tunafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini sheria inampa yeye haki ya kushiriki katika mpango wake, kuchagua saa ya kulala na kuamka, kuoga bafuni au kitandani, kukubali na kukataa. Wewe kazi yako pale ni kumkumbusha alichokuambia na kumpa muda neno lake litoke. Likichelewa, nyamaza usubiri naye.

Kabla ya siku hiyo omba kuona ile tathmini. Mama akiomba kumbukumbu zake, nyumba inatakiwa kumwonyesha ndani ya saa 24, ukiondoa mwisho wa juma na sikukuu. Humo kuna sehemu ambayo familia nyingi hazijawahi kuiona. Mzee anaulizwa: ni muhimu kiasi gani kwako kuchagua nguo utakazovaa? Kuchagua namna ya kuoga? Kuchagua saa ya kulala? Kusikiliza muziki unaoupenda? Kushiriki ibada? Kutoka nje hewa ikiwa nzuri? Anaulizwa pia kama anahitaji mkalimani, na kama anataka kuzungumza na mtu kuhusu kurudi kuishi nyumbani. Tazama majibu yaliyoandikwa, na uulize nani alitafsiri siku hiyo. Ukikuta ilijazwa bila mkalimani, au wameandika kwamba mama hakuweza kujibu, una hoja nzito kuliko zote: omba aulizwe upya, kwa lugha yake.

Kwenye mpango hakikisha yameandikwa haya: bega lake na namna ya kulishika, mhudumu wa kike wa kumwogesha, na saa ya kuoga aliyoitaja mwenyewe. Kwa mhudumu wa kike, kuna zamu zitakazokuwa na uhaba wa watu, lakini likiandikwa wanawajibika kulipanga. La mdomo linaishia kwa nesi uliyezungumza naye.

Chakula. Hapa nakuomba uache kumlisha kwa siri, leo. Najua ilivyouma kuona bakuli la mama yako likimwagwa, na yule mhudumu alikosa adabu. Alipaswa kueleza na kukurudishia chakula chako. Lakini kiharusi huweza kuharibu kumeza. Tonge linaingia njia ya hewa bila hata kukohoa, linashuka mapafuni, na nimonia inayotokana na hilo inaua. Huenda kwenye faili lake kuna agizo la chakula laini au vinywaji vilivyofanywa vizito ambalo hukuelezwa kwa sababu aliyetafsiri alikuwa mtoto. Omba mtaalamu wa kumeza na usemi ampime mama upya, na siku ya kipimo ulete hicho hicho anachokipenda: sombe iliyotwangwa laini sana, ugali mlaini, samaki asiye na mwiba hata mmoja. Atamtazama akimeza, ataandika kinachofaa na kisichofaa. Ugali wa muhogo una mnato, anaweza kuukataa. Akikubali sombe na lengalenga (mchicha), iandikwe kwenye mpango kwamba familia inaleta, na mpishi wa nyumba aambiwe ladha ya mama ni ipi.

Mtaalamu huyo huyo ana kazi nyingine, na hii ndiyo inayonipa tumaini kuliko yote. Kwa watu wengi, lugha inaongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, ule ule unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo sababu maneno ya mama yanakwama. Lakini wengi wenye kiharusi cha namna hiyo, hata mtu anayeshindwa kutaja jina la mwanawe, huweza kuimba wimbo aliouzoea pamoja na maneno yake. Mama yako ameongoza kwaya. Kaa naye uanzishe wimbo mmoja wa zamani wa Nyarugusu, uimbe mistari miwili, kisha unyamaze. Usishangae akiendelea peke yake. Mwambie mtaalamu ulichokiona, maana nyimbo hutumiwa katika kuwarudishia wagonjwa usemi.

Kisha mtafute anayesimamia shughuli za wakazi. Mweleze mama yako ni nani, maana yeye anamwona bibi anayesinzia kwenye bingo. Omba nusu saa kila wiki ya mama kuimbisha. Wazee wa Kimarekani waliokulia makanisani wanazijua tenzi nyingi kwa tuni ile ile, maneno tu ndiyo tofauti. Anaweza akaanzisha kwa Kiswahili na wao wakaitikia kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo ishara kwamba anashiriki, maana watu wanamfuata.

Kila nyumba ina baraza la wakazi, au wakazi wakitaka kuliunda hawazuiwi, na nyumba lazima iwape chumba na ijibu malalamiko yao. Hapo ndipo habari za chakula na saa za kuoga zinapozungumzwa na wenyewe wanaokula na kuogeshwa. Mama ana haki ya kukaa humo, na mkalimani aombwe kama kwenye mkutano. Asipotaka, ni hiari yake. Familia nazo zinaweza kuwa na baraza lao.

Wazee wa kanisa wanaosema umemtupa mama, wapangie zamu. Mmoja Jumanne, mwingine Alhamisi, akina mama wa kwaya Jumapili baada ya ibada. Mama akiridhia, kwa kawaida wageni hawazuiwi. Kaka yako wa Australia naye aingie kwa video siku ya mkutano asikie mama anasema nini. Na swali la kumrudisha nyumbani si la mchungaji wala la kaka. Akisema anataka, muulize ofisa ustawi wa jamii kuhusu programu za Medicaid za huduma ya nyumbani. Baadhi yake zinaruhusu hata ndugu kulipwa kwa kumtunza mzee. Akisema anataka kubaki na wewe uje kila jioni, basi lichukue hilo na uwajibu watu kwa maneno yake.

La mwisho ni hofu yako. Kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika ni kosa kisheria. Kumtoa, lazima wawe na sababu mojawapo kati ya chache zilizotajwa na sheria, na kwa kawaida wampe notisi ya maandishi ya siku 30, naye anaweza kukata rufaa. Malalamiko ya familia si mojawapo ya sababu hizo. Pia kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi wa wazee walio katika nyumba hizi. Namba yake lazima ibandikwe ukutani, mara nyingi karibu na mlango mkubwa, ipige picha. Huduma yake ni bure, hatoi siri ya mama bila ridhaa yake, na anaweza hata kuja kukaa nanyi kwenye mkutano. Mpigie kabla ya mkutano, usingoje mambo yaharibike. Ukipata tarehe, niandikie tupange pamoja maswali ya kuanza nayo.

Shangazi